Magari ya Mume Wangu na Majivu ya Wifi

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na nyumbani alikuwa na magari mengine yasiyokunywa petroli. Yalikaa ndani ya kabati la vioo sebuleni, rafu ya juu, mahali ambapo mwanamke mwingine yeyote wa Likoni angepanga vikombe vyake vya arusi. Vikombe vyangu vilishushwa rafu ya chini hata hina haijanitoka mikononi, wala sikuulizwa. Jirani yangu mmoja alipenda kunitania kwamba mimi nimeolewa ukewenza na gereji.

Yalikuwa magari madogo ya chuma, kila moja urefu wa kidole au kupita kidogo, yameundwa kwa kufuata magari ya kweli bila ya kusahau kitu: taa za mbele, vishikio vya milango, hata gurudumu la akiba mgongoni. Kulikuwa na saluni nyekundu, lori la kijani, basi la buluu, gari jeupe la wagonjwa, tangi la mafuta la manjano, na mengineyo. Ile saluni nyekundu ndiyo iliyoanzisha yote. Alipewa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akimwendesha zamani, kabla ya kuingia kwenye malori; mtoto wa yule bibi alikuwa amekua na ameacha michezo. Mengine mume wangu aliyanunua mwenyewe duka la Mhindi kule mjini, moja baada ya moja, na mengine aliyapata kwa mabaharia bandarini, akiwapa madafu na maembe. Wanaume wenzake walikuwa na mbuzi, au minazi, au mke wa pili. Wangu alikuwa na hayo. Nilipopima vizuri niliona nimepata nafuu.

Miaka ya mwanzo ya ndoa yetu, mwisho mwisho wa ile ya hamsini, nilikuwa siruhusiwi kuyagusa. Siku ya kuyasafisha ilikuwa Jumapili, siku ambayo ghala lake la kazi kule Changamwe lilifungwa. Alitandika mkeka barazani penye kivuli, akaweka taulo juu yake ili gari likiponyoka lisianguke sakafuni, akayatoa moja moja. Mimi nilikaa karibu nikichambua mchele, nikitazama mtu mzima mwenye ndevu akimwogesha mtoto wa chuma.

Lakini alikuwa na elimu yake, na nilipomtazama miezi na miezi elimu ile iliniingia bila kutaka. Kwanza vumbi kavu, ndipo maji, kwa sababu vumbi likikutana na maji linakuwa tope, na tope ni msasa. Vumbi lilitolewa kwa brashi ya kunyolea iliyokuwa imekwisha kazi yake kidevuni, laini kama mkia wa paka. Kupuliza kwa mdomo kulikuwa mwiko. Alisema pumzi ina mate na mate yana chumvi, na chumvi ya upepo wa Likoni yatosha. Maji yawe ya vuguvugu, si ya moto, na sabuni ni kiasi cha kuyafanya yateleze tu. Gari halitumbukizwi. Maji yakiingia tumboni hayatoki, yakikaa yanashika kutu kwenye vyuma vya magurudumu, na gurudumu lililoshika kutu halizunguki tena. Kwa hiyo alilipangusa kwa kitambaa cha kanga kuukuu kilichokamuliwa, na kwenye vioo na pembe za taa akatumia kijiti cha kiberiti kilichozungushiwa pamba. Maandishi ya karatasi yaliyobandikwa ubavuni hayakuguswa na maji hata kidogo. Mafuta ya taa haramu, magadi haramu, jua haramu. Yakauke kivulini. Mwisho kabisa tone la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano, kwenye ekseli. Na hilo tone nalo likizidi lilipanguswa.

Mimi kanzu zake nilizifua kwa dakika chache na akazivaa bila ya neno. Nilimwambia hivyo siku moja. Alinijibu, "Kanzu haina rangi ya kutoka, bibi."

Sasa, kazi yake. Aliendesha lori la ghala, na jioni aliruhusiwa kulilaza upande wetu, nje ya nyumba, kwa sababu alfajiri aliwapakia wapagazi wa Likoni, wanaume kama ishirini hivi waliosimama nyuma wakishikana mabega, akateremka nao kwenye feri, akavuka kisiwa, akatokea Makupa mpaka Changamwe. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake. Mtaani hawakumwita fulani wala baba fulani, hasa kwa kuwa Mungu alikuwa hajatujalia mtoto, walimwita Dereva. Mabibi wazee walimwitikia shikamoo yake kwa "marahaba, Dereva." Alitembea kama anayesikia honi yake mwenyewe nyuma yake.

Na kulikuwa na kitu kimoja tu alichokiogopa. Pale ghalani palikuwa na dereva mwenziwe, mtu wa makamo, aliyeanza kuona ukungu. Alipelekwa kupimwa mbele ya herufi zilizobandikwa ukutani. Yule mzee wa watu akasema herufi zimeandikwa vibaya, aliyeziandika aletwe. Walicheka pale ghalani siku nzima, na kesho yake akanyang'anywa usukani akapewa ufagio wa kufagia makapi ya kahawa. Mume wangu alinisimulia kisa hiki mara nyingi. Kila mara alianza kwa kucheka, na kila mara alimaliza kwa kusukuma sahani pembeni. "Ufagio," akasema. "Mtu aliyeshika usukani akapewa ufagio. Afadhali wangemzika."

Basi nikawa nimejua. Mwanamume huyu uwezo wake wote wa kuishi ulikuwa kwenye lile duara la usukani, na akilikosa sijui nitabaki na nani.

Miaka miwili kabla ya Uhuru, au karibu na hapo, aliniita barazani Jumapili moja, akanipa ile brashi. "Chukua wewe," akasema. "Mkono wako mwepesi kuliko wangu."

Wallahi nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku niliyotolewa mahari. Nilimtangazia yule jirani wa utani kwamba mke mwenza amesilimu. Nikakaa kwenye mkeka na taulo, yeye akakaa kwenye kigoda pembeni na kikombe cha kahawa, akiniongoza. "Umefika wapi? Mbele pamoje? Kwenye zile nafasi za taa hamna weusi?" Nikamwambia ninachokiona, naye akanieleza la kufanya. Nikimaliza moja alilipokea, akalipitisha vidole taratibu kuanzia pua mpaka mkia, akasema, "Bado, hapa chini ya mlango pana mchanga," na kweli ulikuwapo, mchanga ambao mimi mwenye macho mawili sikuuona. Nilimsifu. Nilisema vidole vya mtu huyu vina macho. Maneno yale niliyasema kwa kinywa changu mwenyewe, nikacheka, naye akacheka.

Siwezi kusema sikuona kitu. Alianza kuwatambua watu kwa salamu zao, si kwa nyuso. Alisema taa yetu inafifia, nikanunua utambi mpya, akasema bado inafifia. Kikombe alitaka nimtie mkononi. Halafu siku moja mke wa mfanyakazi mmoja wa feri alininong'oneza kisimani kwamba lori letu lilikwaruza ukuta wa gati wakati wa kushuka, na wale watu nyuma walipiga kelele. Nilimuuliza mume wangu. Alisema feri haikufungwa vizuri. Nilimuuliza tena kwa njia ya pembeni, kuhusu macho. Aliweka kijiko chini.

"Macho yangu ni mazima," akasema. "Nani akwambiaye?"

"Hapana mtu, bwana. Nauliza tu."

"Basi usiulize."

Na mimi nilikuwa mwana wa watu niliyefundwa. Mwanamke hampimi mumewe macho. Ningemwinulia vidole mbele ya uso nimuulize vingapi? Ningemfichia viatu? Niliyafikiria yote mawili, nasema kweli, lakini mbele yake mdomo wangu mwepesi ulikuwa mzito. Kila alfajiri nililisikia lori likiwaka, nikawasikia wapagazi wakipanda na mzaha wao wa usingizi, halafu nikakaa kitandani nikiwahesabia muda wa kuvuka feri. Ikipita saa moja bila ya mtu kuja mbio, niliinuka nikapika chai.

Ndipo ikaja Ramadhani ya mwisho kabla ya Uhuru. Wanaume barazani walikuwa hawana habari nyingine ila siasa, nani atakuja na nani ataondoka, na sisi wanawake tulikuwa hatuna habari nyingine ila usafi wa Idd. Kwa watu wa kwetu, kumi la mwisho nyumba hupinduliwa tumbo nje. Mapazia hufuliwa, kuta hupigwa chokaa, na vyombo vyote vya shaba hutolewa: sinia, birika, mdila wa kahawa, mrashi wa marashi. Vikasuguliwa kwa majivu na ukwaju na kumbi la nazi mpaka ukawa unajiona uso ndani yake. Mgeni wa Idd akiingia nyumbani hatazami mwanamke amevaa nini. Hutazama shaba yake.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa ameolewa Kisauni, kule Mtopanga, na kila mwaka alivuka daraja na feri kuja kunisaidia kazi hiyo. Ninasema kunisaidia kwa adabu. Alikuja kukagua. Alikuwa mwanamke mwenye mikono kama ya fundi chuma, na katika ukoo wao mzima hapakuwa na shaba iliyoshindana na shaba yake. Kwa wifi, kitu kisichong'aa kilikuwa kitu kilichoonewa.

Mkesha wa Idd nilikwenda mjini kuchukua kanzu ya mume wangu kwa fundi. Feri ilikuwa imejaa, fundi naye alikuwa hajatia vifungo, nikachelewa mpaka alasiri. Niliporudi nilimkuta wifi uani, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kaning'inizia kanga begani, na mbele yake kwenye ungo kulikuwa na vitu vidogo vyeupe vinavyometameta juani. Nilidhani ni samaki.

"Waona?" akaniambia kabla sijatua kikapu. "Waona vilivyo vyema? Na vyote hivi mlikuwa mwaviweka na taka zake."

Nilisogea. Nikaona magurudumu.

Alikuwa amemaliza shaba mapema, akaona mikono inamwasha. Akaingia sebuleni, akafungua kabati, akalitazama lile lori la kijani, na kwenye pembe yake moja, mahali rangi ilipobanduka, akaona chuma kinang'aa. Hapo ndipo akili yake ilipofanya kazi kwa namna yake. Kwa watu wetu wa shaba, chombo kizuri hakipakwi rangi. Anayepaka chombo rangi ni mchuuzi anayeficha ufa, au mrithi mvivu anayeficha kutu. Wifi alikuwa amewahi kununua birika mnadani lililopakwa rangi nyeusi, akalisugua, akakuta shaba tupu ya zamani chini yake. Alilisimulia birika lile kila mwaka kama mtu anavyosimulia hija. Basi alipoona mng'ao kwenye pembe ya lori, alijua. Nduguye amekaa na fedha ndani ya kabati miaka yote hii, imefunikwa na rangi ya Wazungu. Akachemsha maji ya majivu na magadi, akayatumbukiza magari yote kwa pamoja kama mihogo, akaupitisha mchana wake wa kungoja futari, kisha akayasugua kwa kumbi na ukwaju moja moja.

"Rangi ilitoka yenyewe," akasema kwa fahari. "Ya kijani ndiyo ilonisumbua."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Ulikuwa mwezi mtukufu na nilikuwa nimefunga, na hayo mawili ndiyo yaliyoiokoa heshima ya mawifi siku hiyo. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba ile rangi ndiyo gari lenyewe. Kwamba mume wangu hupangusa rangi ile kwa pamba. Kwamba maji ya moto ni mwiko, magadi ni haramu, na yeye amevipika vyote viwili katika sufuria moja. Nilipomaliza, wifi alikuwa amekishika kile kilichokuwa basi la buluu na amekitazama kwa mara ya kwanza kama kitu cha mtu mwingine.

"Sasa atanambia nini?" akauliza.

"Kila Idd huyapanga juu ya meza wageni wayaone," nikasema. "Kesho vilevile."

"Nitamwambia mimi. Ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Lakini kesho, baada ya sala. Usimharibie mtu futari."

Nilikubali kwa kuwa nilikuwa mwoga pia. Tuliyapangusa majivu, tukayarudisha kabatini, tukafunga kioo. Yalipokaa pale safu nzima, meupe yote, ilikuwa vigumu kujua lipi ni lipi ila kwa umbo. Mume wangu alirudi, akafuturu, akapita mbele ya lile kabati mara kadhaa kwenda na kurudi. Mimi na wifi tulishusha macho kila alipopita. Hakusimama. Tulipeana ishara ya kushukuru, kwamba ni uchovu wa saumu.

Asubuhi ya Idd alirudi kutoka msikitini na kanzu yake mpya, ananukia udi, anacheka na watu njiani. Jua lilikuwa limejaa barazani na mlango wetu ulikuwa wazi kabisa, sebule yote ilikuwa nyeupe kwa mwanga. Tulipeana mkono wa Idd, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Nilimtia mkononi kikombe cha kahawa, nikaweka tambi na mahamri. Nikamtazama wifi nikingoja. Wifi, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa amejibanza kwenye mlango wa jikoni na sahani ya kaimati, ananifanyia ishara niende mimi.

"Bibi," mume wangu akaita.

"Abee."

"Wageni wako njiani. Nitolee magari. Anza na lile jekundu, nilishike kidogo."

Nikafungua kabati. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha: kwamba ni kosa la mapenzi, kwamba dada yake alitaka kumfurahisha kwa Idd, kwamba rangi yaweza kupakwa tena na fundi mzuri. Nilichukua ile saluni, tupu, nyeupe kama kijiko, nikaiweka kwenye kiganja chake kilichokuwa kimejaa jua. Nikavuta pumzi ili nianze.

Aliiinua mpaka karibu na uso. Aliigeuza upande huu na upande huu. Akatabasamu.

"Ahsante, bibi," akasema. "Wekundu wake leo umetakata kweli."

Wifi alicheka pale mlangoni. Alidhani nduguye ameona yote na anatutania, na kwao utani ni ruhusa ya msamaha. Alicheka kwa nguvu ya mtu aliyetoka hatiani. Halafu aliniona uso wangu, na kicheko kikakatika.

Nilirudi kabatini, nikachukua lori. Nikalitia mkononi mwake.

"Na hili, bwana? Hili nalo waonaje?"

Vidole vilipita kuanzia pua mpaka mkia. "Kijani chake nacho kimerudi," akasema. "Umefanya kazi."

Watoto wa mtaani walikuwa wakipiga kelele za Idd huko nje, na sebuleni palikuwa kimya, na ukimya wa wanawake wawili siku ya sikukuu si kitu cha kawaida. Aliusikia. Niliona anavyousikia. Aliacha kutabasamu, akaweka kikombe chini kwa kupapasa ukingo wa meza, akarudi kwenye lile lori. Safari hii hakulipapasa umbo. Alitafuta kwa ukucha, kwenye mlango, kwenye bodi, kwenye ile pembe ambayo miaka yote ilikuwa na kidato kidogo mahali rangi ilipobanduka. Kidato hakikuwapo. Kulikuwa laini kote.

"Yametoka rangi lini?" akauliza.

"Jana."

Alikaa nalo kiganjani. "Kwangu yalitoka zamani," akasema.

Wifi aliweka sahani chini akaanza kulia, mwanamke yule mwenye mikono ya chuma, akisema ni yeye, ni yeye, ni majivu yake. Mume wangu alimwambia anyamaze, leo Idd. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, tena hasira kubwa, na moja ilikuwa ya aibu: kwamba nilikuwa nimepewa brashi kwa sababu mimi ni macho, si kwa sababu mimi ni mpenzi, na nikatembea mtaa mzima nikijisifu. Na hasira nyingine, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa kwa ajili ya wale wanaume waliosimama nyuma ya lori wakishikana mabega, na wake zao niliochota nao maji kisima kimoja. Waliweka roho zao nyuma ya mtu ambaye hawezi kutofautisha nyekundu na nyeupe mkononi mwake.

Niliyasema yote. Niliyasema hapo hapo, mbele ya wifi, siku ya Idd, na kilichokuwa kizito mdomoni kikawa chepesi. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye amewabeba na wenzake waumbuke pamoja. Nilimwambia nampenda, na kwamba ni mjinga. Sikuwahi kumwambia lolote kati ya hayo mawili kabla ya siku ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba njia anaijua kwa moyo, kila shimo. Na teremko la feri analijua kwa sauti ya mbao chini ya magurudumu. Na hajamwangusha mtu.

"Bado," nikasema.

Wageni walianza kubisha hodi. Aliinuka, akawapokea kwa majina, kila mmoja kwa sauti yake. Magari yalikaa mezani, meupe safu nzima, na watu waliyasifu. Mmoja aliuliza kama ni fedha. Mume wangu akamjibu kuwa ni kazi ya dada yake, na wifi, jikoni, akaangusha kitu.

Idd ilikwisha, siku ya kazi ikafika. Alfajiri alivaa nguo zake za kazi, akakaa ukingoni mwa kitanda na ufunguo wa lori mkononi. Nilikaa upande wa pili. Sikumwomba wala sikumshika, nilichoka. Tuliwasikia wapagazi wakifika nje mmoja mmoja, wakigonga bodi ya lori, wakiitana. Mmoja aliimba kidogo. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake, kisha akaunyosha ule mkono nyuma bila ya kugeuka, na nikauchukua ufunguo. Nikaufunga kwenye pindo la kanga.

"Waambie wachukue basi leo," akasema. "Mimi nitakwenda kwa miguu. Nitamrudishia mwenye lori ufunguo wake."

"Utakwenda na nani?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa buibui.

Tulipita kando ya lori, watu wakatutazama, akawaamkia. Barabarani alinishika mkono. Kwetu, zama zile, mtu mzima hakumshika mkewe mkono njiani. Hata maarusi hawakufanya hivyo. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliacha ndoo zao. Yule jirani wa utani alipiga kigelegele kwa mbali, akauliza kama tumerudi fungate. Nilimjibu kuwa ndiyo, na kwamba ana wivu. Wacha waseme mapenzi, niliwaza, maana na mapenzi yalikuwamo. Mume wangu alicheka. Aliniminya vidole kila tulipopita penye mashimo aliyosema anayajua kwa moyo.

Tulifika juu ya teremko. Feri ilikuwa imefungwa gatini, magari yalikuwa yakiingia, na mbao zikilia chini ya magurudumu ya watu wengine. Alisimama, akainamisha kichwa kidogo kuzisikiliza.

"Tukifika ukingoni," akasema, "niambie."

Tukateremka. Tulipofika, nikamwambia.